Ikirari ya Mapato, Si Marejesho

Juni ikikaribia, neno "marejesho" huibuka tena kwenye matangazo ya ushuru, nami hulisoma kwa uchungu uleule. Wanaolengwa ni wafanyakazi wa Kenya, wakiwamo wale wanaojaza fomu ya mapato kwa mara ya kwanza. Mtu wa chama anajua marejesho ni nini: ni pesa ya mkopo inayorudi kwa mweka hazina. Aliyekatwa ushuru kupita kiasi naye hudai marejesho yake. Sasa mwambie kijana wa ajira ya kwanza awasilishe marejesho: ama atashika mfuko, ama atauliza atalipwa lini. Mpwa wangu alifanya yote mawili papo hapo.

Aliyeleta tafsiri hii alifungua kamusi ya Kiingereza akaridhika na maana ya kwanza aliyokutana nayo. Lile neno la Kiingereza, "return", halina pesa ndani yake. Zamani mahakama za Uingereza zilimkabidhi sherifu hati ya amri, naye alipaswa kuirudisha pamoja na maelezo ya namna alivyoitekeleza. Kutoka kwenye urudishaji huo neno likahamia kwenye taarifa yoyote rasmi inayodaiwa na wakubwa, hata ya kura za uchaguzi. Kinachorudi, basi, ni jibu. Wafaransa na Wajerumani hawakujitia katika taabu hiyo, wakasema tamko. Waarabu wakachagua vizuri zaidi: iqrar.

Hapo ndipo nilipo. Kitenzi kiri tunacho, na jina ikirari limo katika Kiswahili tangu zamani, likingoja kazi. Kutamka ni kutoa sauti tu, lakini anayekiri husema neno akakubali limfunge. Mwenye kujaza fomu hufanya hivyo hasa: nilipata kiasi hiki, na nikiwa nimeongopa nishikwe kwa kauli yangu. Nami nasema ikirari ya mapato, si ya ushuru, maana mtu hukiri alichopata. Ushuru ni hesabu inayofuata. (Ushuru nao, kwa asili yake ya Kiarabu, ni sehemu ya kumi. Katika ngazi za kodi ya mishahara Kenya, ni ya kwanza tu, ya asilimia 10, iliyobaki na uaminifu kwa neno hilo. Sheria ya Fedha ya 2023 ilifikisha ya juu asilimia 35.)

Pendekezo hili nililipeleka mbele ya jopo moja la istilahi. Likakataliwa, eti linanuka mahakama, kana kwamba anayedanganya kwenye fomu hataishia hukohuko. Wajumbe hao hao walilipitisha "marejesho" bila hata kumeza mate. Yupo pia mwenzangu mmoja, heshima yanizuia kumtaja, anayeshikilia "ritani". Hiyo walau haijifanyi Kiswahili cha kale, na mitaani ndiyo inayotumika. Lakini ni tasa. Ritani haina kitenzi, ndiyo maana vijana wamelazimika kuazima kingine wakasema "kufaili ritani". Kiri huzaa: mkiri ndiye mwenye fomu, kukiri ndiyo kazi yake, ikirari ndiyo karatasi.

Matumizi, kwa haraka: hakikisha una PIN ya ushuru, mdai mwajiri fomu ya P9, ingia iTax, tovuti ya ushuru, linganisha mshahara na makato yaliyoandikwa humo na yaliyo kwenye P9, kisha wasilisha ikirari ya mwaka ulioisha Desemba kabla ya 30 Juni kupita, na uhifadhi stakabadhi. Kukatwa ushuru kila mwezi hakumwondolei mwajiriwa wajibu huu. Mwenye PIN asiye na kipato huwasilisha ikirari tupu. Faini ya kuchelewa, kwa mtu binafsi mwenye ushuru wa kulipa, haipungui shilingi 2,000. Ngeli ya neno lenyewe ni I-/ZI-: ikirari yangu, ikirari zetu.