Masafa ya Riruta

Kabla ya neno dijitali kutujaa vinywani, Kiswahili kilikuwa na istilahi yake: elimu ya masafa. Naipenda kwa sababu masafa ni umbali wa hapa hadi pale, na masafa hayo hayo ni mawimbi yanayobeba redio, ndiyo maana mtangazaji hutuambia yuko hewani katika masafa fulani ya FM. Neno moja limetaja ugonjwa na dawa yake. Machi 2020, korona ilipofunga shule za Kenya na KICD, taasisi ya mitaala, ikapeleka masomo kwenye redio ya KBC, maana hizo mbili zilikutana mchana kweupe. Hakuna aliyezipigia makofi.

Dijitali ililetwa na siasa. Mwaka 2013 muungano wa kisiasa wa Jubilee uliwaahidi watoto wa darasa la kwanza vipakatalishi. Aliyeliunda neno hilo alikuwa na sikio: kupakata ni kumweka mtoto mapajani, na mkia wa neno umekatwa kutoka tarakilishi. Utekelezaji ulipoanza 2016, kilichofika shuleni kilikuwa kishikwambi. Mtaani ni tableti, na anayelifupisha kisha akaongeza irabu ya mwisho hupata tabu, tusimlaumu. Kishikwambi lakini limeshinda. Makarani wa sensa walizunguka nalo Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, na sasa halihitaji mtetezi. Tarakilishi bado limejifungia kwenye vitabu vya shule vya Kenya huku Mtanzania akisema kompyuta na kuendelea na kazi yake. Ngamizi, jina jingine la kompyuta, ndilo sijui nani analikumbuka, ila sisi tunaookota maneno.

Istilahi inayonikera ni “maeneo ya mbali”. Katika hotuba za elimu ya kidijitali humaanisha Turkana, Mandera, mahali ambapo msemaji hatarajii kulala. Riruta Satellite haimo. Iko Dagoretti Kusini, ndani ya Nairobi, matatu za Naivasha Road zinapita mlangoni, na jina lenyewe ni la chombo cha angani.

Lakini ingia saiba yoyote ya hapo jioni ya siku ya shule. Mtoto wa gredi ya nne ametumwa na mwalimu akaprinti picha za wadudu, za rangi. Mama anauliza bei ya rangi, kisha anauliza bei ya nyeusi. Mwenye saiba anamwambia atume picha kwa WhatsApp. Mama anajibu kwamba bando limeisha. Anaombwa awashe waifai ya duka, nywila imeandikwa ukutani (wao wanasema paswadi). Wadudu wanatoka weusi, na mtoto anakunja uso.

Bando ndilo neno la kutazamwa. Lipo la saa moja, la kutwa, la wiki, na mzazi hulichagua kama anavyochagua kipimo cha unga. Pamoja nalo kuna kuomba hotspoti, tokeni za umeme zimeisha, na simu iko kwa baba hadi arudi kutoka kazini. Huo ndio umbali wa Riruta: unapimwa kwa saa na kwa shilingi. Kampuni ya intaneti ya poa!, iliyoanzia Kibera, ilielewa hili mapema, na haikujipa jina la kitaalamu.

Setilaiti nazo zina kisa chao. Starlink ilianza kuuza intaneti ya setilaiti Kenya Julai 2023, ikisifiwa kuwa mkombozi wa mahali pasipofikiwa na nyaya. Novemba 2024 ikasitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Chombo cha walio mbali kilikuwa kimejazwa na walio karibu, wenye uwezo wa kulipa.

Ndiyo sababu naona tuirudishe elimu ya masafa kazini, maana haimuulizi mtu anaishi kaunti gani. Inauliza kama mawimbi yanamfikia. Nanyi waandishi wa vitabu vya gredi, mnapopanga orodha ya msamiati wa teknolojia, acheni tarakilishi likae lilipo, lakini bando nalo lipewe mstari wake, pamoja na bei.