Raleigh, 1974: Mkutano Uliobadilisha Picha za Mwili

Chuoni hesabu za Fourier zilinitoa jasho, nikaapa sitazigusa tena. Hebu tazameni zilikofika.

Mwaka 1973 Paul Lauterbur alichapisha katika jarida la Nature picha ya mirija miwili ya maji, iliyopatikana kwa sumaku na mawimbi ya redio. (Jarida lilikuwa limemkatalia kwanza!) Alipima kutoka pembe moja, akapima kutoka nyingine, kisha tarakilishi ikaunganisha vipimo.

Mwaka 1974 aliieleza kazi hiyo mkutanoni Raleigh, Marekani. Kati ya wasikilizaji alikuwepo Richard Ernst, mwanakemia wa Uswisi. Ernst akawaza: pembe zote hizo za nini? Badilisha nguvu ya sumaku upande mmoja, kisha upande wa pili, halafu Fourier ichambue mawimbi mara mbili: mstari kwa mstari, kisha safu kwa safu. Kwa sisi waandishi wa programu, hiyo ni kodi fupi sana.

Alichapisha na wenzake mwaka 1975. Mwaka 1980 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, waliiboresha mbinu hiyo kwa ajili ya wagonjwa, na mashine za MRI huitumia hadi leo.

Nimelitafuta daftari langu la chuo. Ukurasa wa Fourier una kibonzo cha mwalimu tu.