Matembezi ya Siku Moja Kaskazini mwa China

Matembezi ya siku moja kaskazini mwa China ni safari za miguu zinazoanza na kwisha siku hiyo hiyo, hasa katika milima inayozunguka Beijing na katika mikoa ya Hebei, Shanxi, Shandong na Shaanxi. Wengi wanaozifanya hawaongozani na kampuni za utalii. Hupanda basi la umma au treni alfajiri, hutembea saa nne hadi saba, na jioni wakawa wamesharudi mjini. Njia zenyewe hazikuchongwa kwa ajili yao. Karibu zote ni kazi ya askari wa mpakani, mahujaji na wafalme, na ndiyo maana mtembezi wa huku hukanyaga zaidi matofali na ngazi za mawe kuliko udongo.

Asili

Kabla ya kuwa burudani, kupanda mlima kaskazini mwa China kulikuwa ibada. Kila mwaka, katika mwezi wa nne wa kalenda ya jadi, wakazi wa Beijing walipanda Miaofengshan, mlima wa mita 1,291 magharibi mwa jiji, kwenda kuchoma ubani. Mwaka 1925 mwanahistoria Gu Jiegang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Peking waliwafuata mahujaji hao na kuandika habari zao, na kazi hiyo huhesabiwa miongoni mwa tafiti za mwanzo za utamaduni wa wananchi nchini humo. Njia za mahujaji bado zinatembelewa hadi leo.

Mtu anayetajwa zaidi kuwa msafiri wa kujitegemea ni Xu Xiake (1587–1641), aliyezunguka nchi kwa zaidi ya miaka thelathini akiandika shajara. Alipanda Huashan mwaka 1623, kisha Wutaishan na Hengshan mwaka 1633. Siku ya Utalii ya China, inayoadhimishwa tarehe 19 Mei tangu 2011, imewekwa kwa kufuata tarehe ya kwanza katika shajara yake.

Miongoni mwa wageni, Mmarekani William Edgar Geil alifuata Ukuta Mkuu kutoka baharini hadi jangwani mwaka 1908, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chenye picha nyingi. Mtu huyo hakuwa mgeni Afrika Mashariki: mwaka 1905 alikuwa ametoa kitabu cha safari yake ya kuvuka bara kutoka Mombasa hadi Banana, kwenye mlango wa mto Kongo. Baada yake, Wachina watatu wakiongozwa na Dong Yaohui walitembea ukuta wa nasaba ya Ming kutoka Shanhaiguan hadi Jiayuguan kwa siku 508, kati ya 1984 na 1985. Mwingereza William Lindesay alitembea kilomita 2,470 za ukuta huo mwaka 1987, na baadaye akageukia kazi ya kuutetea.

Ukuta Mkuu

Hakuna njia inayovuta watembezi kama hii. Vipimo vilivyotangazwa na serikali mwaka 2012 vilijumlisha kuta za nasaba zote na kupata kilomita 21,196. Ukuta wa Ming peke yake, kwa hesabu ya 2009, ni kilomita 8,851. Sehemu unayoweza kwenda na kurudi kutoka Beijing kwa siku moja ni ndogo mno ukilinganisha na jumla hiyo, lakini ndiyo iliyojengwa kwa uimara kuliko zote, kwa kuwa ililinda mji mkuu.

Sura yake ya sasa inatokana kwa kiasi kikubwa na jenerali Qi Jiguang, aliyepewa ulinzi wa eneo la Jizhou mwaka 1568 baada ya kujipatia sifa kwa kupigana na maharamia kwenye pwani ya kusini. Yeye na mkuu wake Tan Lun walijenga minara ya matofali zaidi ya elfu moja ambamo askari waliweza kulala, kuhifadhi baruti na kupigana bila kushuka. Askari wake wengi walitoka mkoa wa Zhejiang, na viko vijiji chini ya ukuta ambavyo wakazi wake hadi leo hudai kuwa wazao wao.

Badaling na Mutianyu

Badaling ndiyo lango la wengi. Ilifunguliwa kwa watalii mwaka 1957, rais Richard Nixon wa Marekani alipelekwa huko Februari 1972, na tangu Juni 2019 idadi ya wageni imewekewa kikomo cha watu 65,000 kwa siku. Kikomo chenyewe kinaonyesha hali ilivyo. Mwishoni mwa mwaka huo treni ya mwendokasi ya Beijing–Zhangjiakou ilianza kusimama chini ya mlima, katika stesheni iliyochimbwa mita 102 ardhini. Karibu na hapo reli ya zamani, iliyokamilishwa mwaka 1909 na mhandisi Zhan Tianyou, bado inapanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma ili kuushinda mteremko. Mwenye hamu ya kutembea hasa hapati mengi Badaling zaidi ya msongamano.

Mutianyu, wilayani Huairou, ina utulivu zaidi. Minara yake 23 imesimama juu ya mgongo wa mlima wenye misitu, na pande zote mbili, nje na ndani, zina ukingo wa kujikinga, jambo lisilo la kawaida. Ukarabati wake ni mzuri, pengine mzuri kupita kiasi. Anayechoka hushuka kwa kigari cha kuteleza kwenye mfereji wa chuma wenye urefu wa mita 1,580. Michelle Obama, wakati huo mke wa rais wa Marekani, alishuka kwa njia hiyo Machi 2014.

Gubeikou, Jinshanling na Simatai

Hapa ndipo matembezi ya ukuta yanapofikia kilele. Jinshanling iko takriban kilomita 130 kutoka Beijing, upande wa mkoa wa Hebei, na ina urefu wa kilomita 10.5 na minara 67. Mwanzo wake umekarabatiwa, lakini kadiri mtu anavyoelekea mashariki ndivyo saruji inavyopungua, sakafu inavyovunjika, na paa za minara zinavyobaki wazi.

Mambo madogo ya ujenzi yanastahili kutazamwa kwa karibu. Mahali ukuta unapopanda kwa kasi kuelekea mnara, vikuta vifupi vimejengwa kukatiza njia nusu, kimoja juu ya kingine. Adui aliyefanikiwa kuukwea ukuta alilazimika kupita kwa kupindapinda kulia na kushoto huku wapiga mishale wakimlenga kutoka nyuma ya kila kimoja. Baadhi ya matofali yamepigwa chapa ya mwaka na kikosi kilichoyafyatua. Yapo yanayotaja kikosi cha kushoto cha Shandong na mwaka wa tano wa mfalme Wanli, yaani 1577. Herufi hizo zinasomeka bado, kila moja pana kama kidole gumba.

Mara nyingi wanawake wa vijiji vya jirani huwasindikiza watembezi mnara hadi mnara wakiwa wamebeba maji ya chupa, vitabu vya picha na fulana. Wanajua lilipo jiwe linalocheza na ngazi iliyokatika. Ni adabu kununua kitu baada ya msaada huo, na bei inajadilika.

Zamani safari mashuhuri ilikuwa kutoka Jinshanling hadi Simatai, takriban kilomita kumi. Simatai ilifungwa mwaka 2010 na kufunguliwa tena mwaka 2014 pamoja na mji mpya wa kitalii uliojengwa chini yake kwa mtindo wa kale. Kivuko kati ya sehemu hizo mbili hakikurudishwa, kwa hiyo mtembezi hulazimika kushuka kabla ya mpaka. Simatai huingiwa kwa kuagiza tiketi mapema, na ni miongoni mwa sehemu chache za ukuta zinazotembelewa usiku.

Upande wa magharibi, Gubeikou haijakarabatiwa. Ilikuwa uwanja wa vita kati ya Wachina na Wajapani mwaka 1933.

Jiankou na ukuta wa porini

Jiankou, wilayani Huairou pia, ndiyo sehemu inayopigwa picha zaidi kati ya zile ambazo hazikufunguliwa rasmi. Ukuta wake umejengwa kwa mawe meupe juu ya magenge, na vichaka vimeota katikati ya njia. Kwenye mteremko mmoja vipandio vimemomonyoka kiasi kwamba mtu hupanda kwa mikono na miguu. Watembezi wengi huanzia kijiji cha Xizhazi na kumalizia Mutianyu, safari ya siku nzima.

Kisheria hali ni ngumu. Kanuni za kulinda Ukuta Mkuu, zilizoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2006, zinakataza kuandaa shughuli za utalii kwenye sehemu zisizofunguliwa kwa umma. Mabango ya onyo yapo kwenye vijia vya kupandia, na wanavijiji wengine hulipwa kama walinzi. Wajibu huo unagongana na kipato chao kingine, maana walewale wanaoishi chini ya ukuta ndio wenye nyumba za wageni, samaki aina ya trauti wa kuchoma na njugu za chestnut ambazo Huairou inasifika kwazo.

Ukarabati nao umeleta mizozo. Mwaka 2016 wananchi walikasirika baada ya picha kuonyesha sehemu ya ukuta ya karne nyingi huko Suizhong, mkoani Liaoning, ikiwa imelainishwa juu na kuwa kama njia ya bustani.

Milima mitakatifu

Taishan

Mlima Tai, mkoani Shandong, una mita 1,533 tu, lakini hakuna mlima wa China wenye heshima kuuzidi. Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China iliyounganishwa, aliupanda mwaka 219 KK kutoa dhabihu kwa mbingu, na wafalme wa nasaba za baadaye wakafuata nyayo zake. Picha ya mlima huo iko nyuma ya noti ya yuan 5. UNESCO iliuorodhesha mwaka 1987, mwaka uleule ilipouorodhesha Ukuta Mkuu.

Njia ya kawaida inaanzia Hongmen na ina ngazi zipatazo elfu sita au saba, kutegemea pa kuanzia kuhesabu. Nusu ya kwanza, hadi Zhongtianmen, ni ya kivuli cha miti na maandishi yaliyochongwa kwenye miamba. Sehemu ya mwisho, iitwayo Mipindo Kumi na Minane, ni mstari wa ngazi zaidi ya 1,600 unaosimama wima mbele ya macho. Gari la nyaya limekuwapo tangu 1983. Hata hivyo, vijana wengi hupanda kwa miguu usiku kucha, wakiwa na tochi, ili kuwahi mawio ya jua, na kileleni hukodi makoti mazito ya kijani ya jeshi kujikinga na baridi. Wapagazi wenye miti mabegani nao wameonekana kwa vizazi wakipandisha vyakula na vifaa vya ujenzi.

Huashan

Huashan, takriban kilomita 120 mashariki mwa Xi'an, ni mwamba mtupu wenye vilele vitano, na cha kusini kinafikia mita 2,154. Umaarufu wake wa sasa unatokana na ubao mwembamba uliopachikwa kwenye genge, ambapo mtu hupita akiwa amefungwa mikanda ya usalama na kurudi kwa njia hiyohiyo, akipishana na wanaokuja. Yapo magari ya nyaya mawili, la 1996 na la 2013.

Hengshan na Wutaishan

Hengshan ya Shanxi hutembelewa zaidi kwa ajili ya Hekalu Linaloning'inia, lililoasisiwa mwaka 491 na kushikizwa kwenye jabali kwa magogo. Wutaishan, wenye kilele cha zaidi ya mita 3,000, ni kituo cha Wabudha. Kuvizunguka vilele vyake vyote vitano kwa miguu huchukua zaidi ya siku moja.

Vilima vya karibu na Beijing

Xiangshan, usiofika mita 600, hufikiwa kwa tramu iliyoanza kazi mwishoni mwa 2017, na hufurika watu majani yanapogeuka mekundu mwishoni mwa Oktoba. Cuandixia, kijiji cha nyumba za enzi za Ming na Qing, kina vijia vifupi vya mlimani. Lingshan, wa mita 2,303, ni mrefu kuliko yote katika eneo la jiji.

Usafiri na taratibu

Mabasi ya umma hutoka hasa Dongzhimen kuelekea Huairou na Miyun, na Deshengmen kuelekea Badaling. Treni ya mwendokasi hufika Tai'an kwa takriban saa mbili kutoka Beijing. Tiketi za treni na za mbuga nyingi huuzwa kwa jina na namba ya pasipoti, kwa hiyo pasipoti hubebwa hata kwenye matembezi. Malipo ni ya simu janja. Tangu 2023 Alipay na WeChat zimerahisisha matumizi ya kadi za kigeni, ingawa noti bado ni halali. Ramani za Google hazifunguki kwa mtandao wa kawaida wa huko, na wengi hutumia Amap.

Raia wa Tanzania na Kenya huhitaji viza kwa safari ya kawaida ya utalii. Omani iliingizwa kwenye majaribio ya kuingia bila viza Juni 2025.

Majira

Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri, isipokuwa juma la kwanza la Oktoba, likizo ya taifa, ambapo kila njia hujaa. Machi hadi Mei kuna maua ya miaprikoti na, siku nyingine, vumbi kutoka jangwani. Januari halijoto hushuka chini ya sifuri na ngazi huganda barafu. Julai na Agosti ni miezi ya mvua kubwa: mwishoni mwa Julai 2023 kituo kimoja wilayani Changping kilipima milimita 744.8, mvua kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za miaka 140 za Beijing, na mafuriko yakaharibu barabara za milimani za Mentougou na Fangshan.

Hali ya sasa

Matembezi haya yanaendelea kupendwa, hasa na vijana wa mijini. Mwanzoni mwa 2025 Taishan ilianza kukodisha vifaa vya roboti vinavyofungwa kiunoni na mapajani kumsaidia mpandaji kwenye ngazi.