Milango ya Maji Katika Lenzi ya Jicho

Msomaji, kama wakaa Kabazi, katika bonde la Subukia, huenda umewahi kumwongoza kwa mkono mzee ambaye mboni zake zimeingia weupe kama maziwa. Ugonjwa huo twauita mtoto wa jicho. Waarabu wa kale waliuita maji yashukayo jichoni, kwa maana matabibu walidhani ya kuwa maji mabaya hushuka na kuganda nyuma ya mboni. Waliyasukuma kando kwa sindano. Kumbe walichosukuma ni lenzi.

Mwaka 1705 Mfaransa Pierre Brisseau alipasua jicho la askari aliyekufa, akaona ya kuwa iliyoingia weupe ni lenzi yenyewe. Mwaka 1747 Jacques Daviel, Mfaransa pia, akaitoa lenzi kwa kisu. Mwaka 1949, mjini London, Harold Ridley akatia ya plastiki mahali pake.

Lakini lenzi nzima hudumuje angavu? Haina mshipa wa damu hata mmoja, maana mshipa ungezuia mwanga. Chembe zake za ndani ni ndefu kama nyuzi, zimepoteza viini, nazo hudumu maisha yote ya mtu. Basi maji na chakula zapataje?

Jibu limo katika utando uzungukao kila chembe. Humo mna protini zilizo kama milango. Katika chembe fupi za upande wa mbele mna akwaporini 1. Katika nyuzi mna akwaporini 0. Zote mbili hupitisha maji. Nyingine, konekisini, huunganisha chembe na jirani yake, chakula kipate kupita. Mwaka 1992 Peter Agre wa Marekani na wenzake walithibitisha ya kuwa akwaporini 1 ni mlango wa maji, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Tena imeonekana ya kuwa waliorithi kasoro ya akwaporini 0 huweza kupata mtoto wa jicho tangu utotoni.

Angalia basi: wahenga walitaja maji, ila mahali pake hawakupajua. Nasi tujuao hatujapata dawa ya kunywa wala ya matone iondoayo weupe huo. Tiba ni upasuaji. Kwa hiyo usimwache mzee wako angoje giza. Mpeleke kwa mganga wa macho mapema.