Usalama wa mizigo ya ndege

Usalama wa mizigo ya ndege ni utaratibu wa kuzuia vilipuzi na vitu vingine vya hatari visipakiwe ndegeni. Msingi wake ni Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) mwaka 1974. Nchini Tanzania msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).

Masharti yalikazwa baada ya Oktoba 2010, mabomu yaliyofichwa ndani ya katriji za printa kutoka Yemen yalipokamatwa Dubai na Uingereza.

Maeneo mengine, kama Natta wilayani Serengeti, hayana uwanja wa ndege wa kimataifa. Mzigo wa huko husafiri kwanza kwa gari. Hapo barabarani ndipo panaweza kuwa na udhaifu mkubwa, kuliko penye mashine za eksirei za ukaguzi. Vivyo hivyo, boksi la minofu ya sangara kutoka Ziwa Victoria, lenye barafu na lakiri, hupaswa kulindwa tangu likaguliwe hadi lipakiwe. Lakiri ikikatika njiani, mzigo huhesabiwa kuwa haujakaguliwa, na ukaguzi huanza upya.