Mkono Uliorusha Mkuki: Historia ya Kiwiko, Kutoka Ulyankulu

Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walitoka na jeshi kwenda kumpiga mtemi Mirambo, aliyekuwa akidai hongo kwa misafara iliyopita nchini mwake kwenda Ujiji. Kikosi kimoja, kikiongozwa na kijana Soud bin Said, kiliivamia Ulyankulu na kuiteka. Kikaanza safari ya kurudi na meno ya ndovu zaidi ya 100, marobota 60 ya nguo na mateka kwa mamia. Mirambo na watu wake walikuwa wamejilaza katika majani marefu, kushoto na kulia kwa njia. Soud alifyatua bunduki yake ya mitutu miwili, akaangusha wawili. Alikuwa anashindilia tena pale mkuki uliporushwa ukampenya mwilini ukatokea upande wa pili. Waarabu wenzake waliuawa pamoja naye.

Habari hii aliiandika Henry Morton Stanley, ambaye katika vita ile alikuwa upande wa Waarabu. Alihesabu pembe, akahesabu marobota, akamtaja Soud kwa jina. Aliyerusha mkuki hakumtaja. Miaka yote niliyofundisha michezo katika sekondari za huku, nimewasimulia wanafunzi wangu kisa hiki, na kila mara swali la kwanza ni lile lile: nani alirusha? Mimi hujiuliza pia la pili: mkono ule uliishia wapi? Rugaruga, yaani askari wa Mirambo, aliyerusha mikuki tangu utotoni alikuwa na kiwiko kama chetu, na kiwiko cha mrushaji kina historia yake.

Wazazi wangu walifika Ulyankulu mwaka 1972, wakikimbia mauaji ya Burundi. Walikuta pori la miombo, wakapewa viwanja kwenye barabara zilizotajwa kwa namba. Nchi nzima inaijua mojawapo kwa sababu ya waimbaji wake, Kwaya ya Barabara ya 13. Sisi watoto tulikua kati ya tumbaku na mahindi. Kazi yetu ilikuwa kulinda: nyani wakishuka shambani, tunawarushia mawe, embe likiiva juu, tunalirushia fimbo. Kwa hiyo nilipokuwa mwalimu na kutafuta vijana wa kurusha mkuki kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, sikuhitaji kuwafundisha kupenda kurusha. Mkuki wa chuma ulipokosekana, tulichonga fito iliyonyooka, tukaipima mkononi, tukaendelea.

Mfano niliowapa ni Zakayo Malekwa, Mtanzania aliyerusha mkuki katika Olimpiki tatu: Moscow 1980, Los Angeles 1984 na Seoul 1988. Kati ya ile ya pili na ya tatu, mkuki wenyewe ulibadilishwa. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80, viwanja vikaonekana vidogo na watazamaji wakawa hatarini. Mwaka 1986 kitovu cha uzito wa mkuki wa wanaume kikasogezwa mbele sentimita 4 ili uiname mapema. Uzito ulibaki gramu 800, na kiwiko cha mwanadamu kilibaki kile kile.

Mtazame mrushaji pale anaposimamisha mbio. Mguu wa kushoto umekita chini, nyonga imegeuka, kifua kimefunguka mbele, lakini mkono wenye mkuki bado uko nyuma. Kwa kitambo hicho kifupi mkono wa mbele unavutwa nyuma huku bega likikimbilia mbele. Kiwiko kimeumbwa kujikunja na kujikunjua kama bawaba ya mlango; hapa kinalazimishwa kufunguka kwa ubavu. Kinachozuia upande wa ndani usiachane ni ligamenti, utepe mfupi mgumu unaoshikanisha mfupa wa juu na ule wa chini. Utepe huo ukivutwa hivyo mara elfu, nyuzi zake huanza kuchanika. Mrushaji husikia maumivu ya ndani ya kiwiko, vidole viwili vya mwisho vinaweza kufa ganzi, na umbali unapungua bila yeye kujua sababu.

Huku kwetu kijana wa namna hiyo aliambiwa amelegea. Mmoja wa wanafunzi wangu nilimpeleka kwa mzee anayeunga mifupa, mtu aliyeheshimika kwa kunyoosha miguu ya waliodondoka mitini. Nikamwamkia, shikamoo babu. Akaitikia, akakishika kile kiwiko kwa mikono yote miwili, akakikunja taratibu, akakibonyeza upande wa ndani mpaka kijana akaruka. "Mwanangu mwalimu," akaniambia, "hapa hakuna mfupa wa kuunga. Mwache huyu asirushe mpaka mvua zije." Yalikuwa matibabu sahihi kuliko ya makocha wengi wenye filimbi shingoni.

Madaktari nao walichukua muda mrefu kuijua tofauti ya jeraha la mfupa na la ligamenti. Mwaka 1946 huko Finland, nchi inayoupenda mkuki kama sisi tunavyoupenda mpira, daktari Waris alieleza majeraha ya ligamenti hiyo kwa warushaji mkuki 17. Ugonjwa ukawa umeelezwa, lakini mrushaji ambaye ligamenti yake ilikatika kabisa aliachana na mchezo. Hali ilibadilika tarehe 25 Septemba 1974 mjini Los Angeles. Mrushaji wa besiboli Tommy John alikuwa amechanika kiwiko cha kushoto, na daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wake wa kulia, akatoboa matundu kwenye mifupa ya kiwiko, akaipitisha ile kano humo iwe ligamenti mpya. Jobe alikadiria nafasi ya kufaulu kuwa moja kati ya mia. John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, akashinda michezo 164 zaidi na kuendelea kucheza mpaka 1989.

Kano hiyo mimi huwaonyesha wanafunzi darasani. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kuelekea kwako. Katikati ya kifundo cha mkono utaona kamba ikisimama chini ya ngozi. Baadhi ya watu huzaliwa bila hiyo, na mkono wao unafanya kazi vizuri tu. Ndiyo maana daktari anaweza kuichukua. Darasa zima huinua mikono, kila mmoja akimchungulia jirani yake, na tangu siku hiyo kiwiko kinakuwa kitu wanachokijali.

Hata hivyo, nawaonya. Ripoti ya Jobe ya mwaka 1986 ilihusu wanamichezo 16, na 10 kati yao ndio waliorudi kwenye kiwango chao cha awali. Ufundi umeboreka sana tangu hapo, na wengi zaidi hurudi, lakini kurudi huchukua mwaka au zaidi wa mazoezi ya viungo yanayochosha. Marekani vijana wengine wameamini kwamba upasuaji huongeza kasi ya mrusho, na madaktari wamelazimika kuikanusha imani hiyo. Anayerudi na nguvu zaidi amezipata kwenye miguu, nyonga na bega alivyovijenga upya wakati kiwiko kinapumzishwa.

Warushaji mkuki wa siku hizi wanaonyesha kwamba kurudi kunawezekana. Neeraj Chopra wa India alipasuliwa kiwiko Mei 2019. Januari 2020, hapa hapa Afrika, mjini Potchefstroom, alirusha mita 87.86, na mwaka 2021 akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Arshad Nadeem wa Pakistan alirusha mita 90.18 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham mwaka 2022, kiwiko kikimuuma, siku ambayo jirani yetu Julius Yego wa Kenya alipata shaba. Baadaye Nadeem akafanyiwa upasuaji, na Paris 2024 akarusha mita 92.97, rekodi ya Olimpiki. Wote wawili walikuwa na daktari wa michezo, muda wa kupona na mtu wa kuwalipia.

Kijana wa Ulyankulu ana safari ndefu zaidi. Mifupa hutibiwa hospitali ya Kitete mjini Tabora. Kwa ubingwa mkubwa iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa 1996 Dar es Salaam, kwenye pwani ile ile ilikoishia njia ya kati ya misafara waliyoipita wapagazi wa Kinyamwezi na pembe begani. Natamani siku moja huduma hiyo iwe karibu. Lakini yapo ambayo mwalimu wa michezo anaweza kuyafanya leo bila shilingi moja: ahesabu mirusho ya mazoezi na kuiwekea kikomo, afundishe mguu na nyonga kabla ya mkono, na anayesema kiwiko kinauma aweke mkuki chini siku hiyo hiyo bila kuitwa mwoga. Vijana wenye mikono ya kurusha tunao tangu enzi za Mirambo. Jukumu la kuitunza ni letu sisi tunaowapa mikuki.