Kiwango cha uhimili: kamba, mikoko na Ghuba ya Ungwana

Kamba anayeuzwa Gongoni hakukulia bahari kuu. Mayai yake yalitagwa nje, kwenye maji ya Ghuba ya Ungwana, pwani ya Kenya, maelfu kwa maelfu. Kisha kiluwiluwi chenyewe, kidogo kuliko uduvi, kikasukumwa na maji kujaa hadi ndani ya mikoko ya Ngomeni. Humo kikala, kikajificha, kikakua, ndipo kikarudi ghubani. Mtu akiuliza ghuba hii inaweza kuwa na kamba wangapi, upana wa bahari hautamsaidia sana. Aulize mikoko iliyobaki ni kiasi gani na mto umeleta nini mwaka huu.

Wanaikolojia wana istilahi ya jibu la swali hilo: idadi ya viumbe wa aina moja ambayo mazingira yanaweza kuilisha na kuihifadhi mwaka nenda mwaka rudi, bila yenyewe kuchakaa. Kwa Kiswahili mara nyingi utaikuta imeandikwa “uwezo wa kubeba”. Siilaumu tafsiri hiyo, kwa kuwa neno la Kiingereza, “carrying capacity”, nalo lilitoka bandarini. Katika karne ya 19 lilihusu shehena ambayo meli ingeweza kupakia, baadaye likahamia kwa wafugaji wa Marekani waliotaka kujua malisho fulani yatatosha ng’ombe wangapi. Tatizo ni kwamba jahazi hupimwa na fundi aliyeliunda, na likishashushwa majini kipimo chake hakibadiliki. Ghuba hubadilika kila msimu.

Ndiyo maana napendelea “kiwango cha uhimili”. Kiwango hupanda na kushuka, kama kiwango cha maji mtoni, na kuhimili ni kustahimili mzigo bila kuvunjika. “Kikomo” hakifai kabisa: idadi ya wanyama inaweza kukivuka kiwango hiki, ikakaa juu yake kwa muda, halafu ikaporomoka. Na hiyo “idadi” nayo itajwe na mwenyewe, yaani idadi ya kamba, idadi ya ndovu. Anayetafsiri kwa pupa atajikuta ameandika “idadi ya watu wa samaki”.

Hesabu yenyewe ni ya mwaka 1838, ya Mbelgiji Pierre-François Verhulst, na si ngumu. Tuseme kijito kinahimili kamba 1,000, na chakula kikiwa tele kila kamba huongeza mwenzake mmoja kwa msimu. Wakiwa 10, wataongezeka karibu 10. Wakiwa 500, nusu ya nafasi imeshachukuliwa, lakini wazazi ni wengi: wataongezeka 250. Wakifika 990, wazazi ni wengi zaidi, ila chakula na maficho yamekwisha, na ongezeko linarudi kuwa karibu 10. Kumbe bahari iliyojaa haizalishi sana, wala iliyokombwa. Inayozalisha zaidi ni iliyo katikati, na hapo ndipo ushauri mwingi wa uvuvi duniani umejengwa.

Ghuba ya Ungwana ilijifunza hesabu hiyo kwa ugomvi. Meli za kukokota nyavu zilikuwa zikifuata kamba karibu na ufuo, huku sheria ikizitaka zikae maili 5 za baharini kutoka nchi kavu, yaani nje ya maji ya wavuvi wa mashua na mitumbwi. Nyavu za meli hizo zilizoa pia samaki wachanga ambao hakuna aliyewahitaji. Mwaka 2006 serikali ikasimamisha uvuvi huo, na meli hazikurudi hadi 2011, baada ya kutungwa mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba.

Lakini kuwahesabu wavuvi peke yao ni nusu ya kazi. Kiwango chenyewe huweza kushushwa bila mtu kutupa wavu. Kutoka Gongoni kwenda Kurawa pwani imejaa mabwawa ya chumvi, na kila mkoko uliokatwa ni kitalu cha kamba kilichofungwa. Upande wa kusini mto Sabaki hushusha udongo kutoka bara hadi bahari ya Malindi inageuka nyekundu wakati wa mvua. Rutuba yake hulisha kamba. Tope lilelile hufunika matumbawe. Mto mmoja, basi, unaweza kupandisha kiwango cha kiumbe huyu na kushusha cha yule.

Ukiufuata mto huohuo juu, unapoitwa Galana, utafika mbuga ya wanyama ya Tsavo. Huko wataalamu walibishana miaka ya 1960: Richard Laws akitaka ndovu wapunguzwe kwa bunduki, David Sheldrick akitaka maumbile yaachwe yaamue. Ukame wa 1970 na 1971 uliua ndovu wapatao 6,000, wengi wao majike na ndama. Hawa hawakuweza kwenda mbali na maji, na karibu na maji malisho yalikuwa yamekwisha. Ndovu hubeba mimba miezi 22, kwa hiyo pengo kama hilo haliwezi kuzibwa kwa msimu mmoja kama la kamba.

Mahali palipozungushiwa uzio ndipo namba moja isiyobadilika inapokaribia kuwa na maana. Oktoba 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilihamisha ndovu 50 kutoka Hifadhi ya Mwea hadi Aberdare, likieleza kwamba hifadhi ile ya kilomita za mraba 42 inafaa ndovu 50 na tayari walikuwa 156. Uzio umewazuia kuhama, basi binadamu amelazimika kuwahamisha.

Ungwana haina uzio. Kwa hiyo anayekuja Gongoni na namba ya kamba wanaoweza kuvuliwa, aulizwe kwanza ameipima mwaka gani, na mikoko ilikuwa mingapi siku hiyo.